Mhuri Haukushika

Kila kitu kiliharibika siku ya Jumatatu, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tisa, na kiliharibika kwa nia njema. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyelewa, hakuna aliyesema uongo. Mzee alitoka kazini mapema, akanawa mikono kwa tina, ile dawa ya kuyeyusha rangi, akaitia bahasha ya vyeti kwapani, akaenda steshenari ya pale kona kutoa kopi.

Mtaani walimwita Mzee Vanishi. Kazi yake ilikuwa kupaka vanishi kwenye karakana ya samani: meza, milango, vitanda, na majeneza pale kazi nyingine zinapokauka. Jeneza la mkewe alilipaka mwenyewe, mwaka uliopita, akalirudia mpaka likawa kama kioo. Siku hiyo ya jeneza mwenye karakana alimkata mshahara kwa sababu kazi ya mteja ililala.

Kesho yake, Jumanne, alikuwa na usaili wa uraia pale Uhamiaji. Kibali chake cha kukaa nchini kilisimama kwa jina la mkewe: mume wa fulani, ambaye ni raia. Mke alipofariki, kibali nacho kikaanza kufa polepole. Kilikuwa kinaisha mwisho wa mwezi ule, na hakikuwa cha kuongezwa tena, maana wa kumwombea hayupo. Ama apate uraia, ama aondoke. Sheria ilimruhusu aombe kwa ndoa hata kama mke amekufa, mradi athibitishe kwamba ndoa ilikuwepo. Hayo ndiyo yalikuwa yote.

Aliingia nchi hii akiwa mgongoni kwa mama yake, wazazi wake wakifuata kazi za mashamba ya watu. Wazazi wote wawili wamezikwa hapa hapa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa jembe, akalima mpaka mpini ukavunjika, na bado kwenye makaratasi ya wakubwa aliandikwa mgeni.

Mwenye steshenari alikunjua cheti cha ndoa, akapiga mluzi.

"Mzee, hiki si cheti, hiki ni kitambaa. Tazama, kimekunjwa mpaka kimeota kiuno."

"Marehemu alikuwa akikiweka chini ya godoro."

"Mmelala juu ya ndoa yenu miaka yote hiyo!"

Mzee alicheka kidogo, kwa adabu, kama mtu anayelipa nauli.

"Sasa kesho ndicho unachompelekea mkubwa? Hata mimi ningekunyima uraia. Nikulaminetie, baba yangu. Plastiki ngumu. Maji hayaingii, mende hali."

Ukutani palining'inia cheti cha shule cha mtoto wa mtu, kimevalishwa plastiki, kinang'aa. Mzee alikitazama kwa jicho la fundi. Maisha yake yote alijua jambo moja: ubao mtupu ni ubao unaosubiri kuoza. Kitu cha thamani hakiachwi uchi.

"Vivalishe vyote," alisema.

Vikaingia vyote: cheti cha ndoa, cheti cha kifo cha mkewe, kiapo cha kuzaliwa kwake yeye, barua ya polisi ya mwenendo mwema. Mashine ilivimeza kimoja kimoja upande huu na kuvitema upande wa pili, vya moto, vigumu, vinateleza. Mwenye steshenari akampunguzia bei. Mzee akamshukuru mara mbili.

Barua ya wito ilikuwa na kurasa mbili. Ilieleza kifungo cha mtu anayedanganya, faini ya mtu anayechelewa, na kwamba mwombaji aje amevaa nguo za heshima. Hapakuwa na mstari uliosema: usivitie plastiki. Wakubwa hawaandiki jambo ambalo wao tayari wanalijua. Wewe utalijua ukishakosea.

 

Jioni binti yake alirudi kutoka kiwandani, ambako alikuwa akishona kola za sare za shule, kola tupu, mashati hakuwa akiyaona. Alimkuta Mama Mkubwa, dada wa marehemu mama yake, amekwisha kujichukulia kiti kizuri. Vyeti vilikuwa vimepangwa mezani kama sahani za wageni.

"Baba! Umevifanya nini? Vimependeza!"

"Si ndivyo nimwambiavyo?" alisema Mama Mkubwa. "Sasa hata chai ikimwagika, unafuta tu." Akainua cheti cha ndoa, akakisogeza mbali na macho. "Saini yangu ile pale. Shahidi wa mke. Nilikuwa naandika kama kuku kapita kwenye unga."

"Bado unaandika hivyo hivyo, shemeji," Mzee alisema.

"Ngoja upate uraia, nitakushtaki."

Binti alitoa karatasi aliyoandika maswali. Mfanyakazi mwenzake, ambaye mumewe alipitia usaili ule, alimwambia wanauliza lolote: rangi za bendera, wimbo wa taifa, mawaziri.

"Rangi za bendera zina maana gani?"

Mzee alizitaja zote na maana zake, bila kukosea, kwa sauti ya mtu anayehesabu misumari.

"Waziri wa Maji ni nani?"

"Tangu lini tuna maji?"

"Baba! Kesho usijibu hivyo."

"Mwambie ni yule mnene," Mama Mkubwa alidakia.

"Wote wanene, shemeji."

Mama Mkubwa alicheka mpaka akajifuta macho kwa pembe ya khanga. Binti naye akacheka. Mzee alilirudia jina la Waziri wa Maji, jina zima na la baba yake na la babu yake, mara kadhaa, mpaka likakaa. Kisha akavirudisha vyeti kwenye bahasha. Havikuwa vinakunjika tena, ikabidi bahasha ibaki mdomo wazi.

 

Getini palikuwa na mlinzi mwenye fimbo fupi na uso wa mtu aliyelala vibaya.

"Wageni mlango wa nyuma."

"Baba yangu si mgeni," binti alisema.

"Mbona ana barua ya wageni?"

Binti alifungua mdomo. Mzee akamgusa kiwiko. Wakazunguka, wakapita kwenye mapipa ya taka, wakaingilia mlango wa nyuma. Binti alikuwa amepoteza kutwa nzima ya kola, na kutwa aliyokosa kiwandani hailipwi.

Msaili alikuwa mwanamke wa rika la binti, miwani imemshuka puani, meza yake ina chupa ya maji na mhuri. Hakuwa na kiburi. Ingekuwa nafuu angekuwa nacho, maana mtu mwenye kiburi unaweza ukamchukia ukapumua.

"Shikamoo mzee. Pole kwa kusubiri. Nipe vyeti halisi, kopi weka pembeni."

Mzee alimpa. Msaili akakishika cheti cha ndoa, akakigeuza, akapitisha kidole gumba mahali penye mhuri wa zamani wa msajili, taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba.

"Mmh. Mhuri siusikii."

"Upo, mheshimiwa. Upo chini."

"Nauona. Lakini kazi yangu ni kuugusa, halafu nipige wangu nyuma."

Akajaribu. Alikilaza kifudifudi, akapiga mhuri. Wino ulijikusanya vitone vitone juu ya plastiki kama maji juu ya nta. Alipuliza. Alisubiri. Kisha akapitisha kidole, na neno lote likafutika, likabaki doa la zambarau.

Mzee aliyaelewa yote pale pale, kabla msaili hajasema kitu. Juu ya kitu kilichokwisha kuzibwa hakishiki kitu kingine, mpaka ukipige msasa. Hilo alilijua tangu ujana wake. Hakuwahi kulifikiria kwa karatasi.

"Nani alikushauri ulamineti?"

"Hakuna. Nilitaka viwe na heshima."

"Mwongozo upo, mzee. Umebandikwa ubaoni."

"Ubao uko wapi?" binti aliuliza.

"Hapo koridoni, ndani."

"Na ndani si anaingia aliyeitwa tu?"

Msaili alipandisha miwani. "Dada, mimi siyo niliyeubandika." Akamgeukia Mzee. "Sikiliza, mzee wangu. Hivi vingine naweza kuvivumilia, nikaandika maelezo. Cha ndoa siwezi, kwa sababu ndicho unachoombea. Nenda kwa msajili wa ndoa, akupe kingine kipya, kisiguswe na mtu. Uniletee kabla kibali chako hakijaisha. Kikiisha, faili nalo linafungwa."

"Na maswali?"

"Maswali gani?"

"Ya usaili."

"Hatujafika huko, mzee."

Walishuka ngazi. Chini kabisa, karibu na mapipa, Mzee alilitamka jina la Waziri wa Maji, jina zima. Binti alimwangalia. Mzee akaendelea kutembea.

 

Kesho yake alipeleka vyeti karakanani. Alitaka kuvibandua. Mtu aliyewahi kubandua rangi ya miaka kwenye mlango bila kuuchuna ubao, ashindwe na plastiki?

Lakini kwanza alipita steshenari. Mwenye duka alikuwa akifunga kitabu kwa utepe.

"Kwani hawakuridhika?" aliuliza. "Mbona watu wote wanalamineti?"

"Wanataka kupiga mhuri."

"Aaa. Mzee, mimi ni mtu wa mashine. Mtu akinipa, naingiza. Kutoa sijui. Ni kama mimba."

Alianza na barua ya polisi, kwa kuwa hiyo ingeweza kuombwa tena. Alipasha pasi ya mkaa, akaipitisha juu ya kitambaa, akasubiri plastiki ilegee, akachokonoa pembe kwa ncha ya wembe. Ikaachia. Wenzake waliacha kazi wakaja kuangalia, hata mwenye karakana.

"Mwacheni bingwa," alisema mmoja. "Huyo hata kivuli atakibandua ukutani."

Mzee alivuta polepole, huku akipitisha pasi. Plastiki ilitoka nzima. Ilitoka na maandishi. Herufi zote zilibaki zimeng'ang'ania upande wa plastiki, zimegeuka nyuma mbele, na karatasi ikabaki nyeupe na manyoyamanyoya, kama kuku aliyenyonyolewa. Mwenendo mwema wote umehamia kwenye takataka.

Hakuna aliyetania. Mwenye karakana akasema, "Haya, meza ya mteja inasubiri," na watu wakatawanyika.

Mzee akakirudisha cheti cha ndoa kwenye bahasha. Akachukua msasa, akaendelea na meza ya mteja. Aliisugua vizuri, kwa kufuata nyuzi za mti, hakuharakisha wala hakuchelewa. Jioni binti alipoisikia habari ile, alimshika mkono.

"Baba, usilie."

"Silii."

Kweli hakuwa analia. Na hilo ndilo lililomtisha binti. Tangu msiba, baba yake alikuwa akila anapowekewa, akilala anapoambiwa usiku umeingia, akijibu anapoulizwa. Kama nyumba ambayo taa inawaka lakini hodi haijibiwi.

 

Kwa msajili wa ndoa walikwenda watatu. Mama Mkubwa alivaa viatu vya soli ngumu, alivyovivalia siku ya ugomvi na siku ya serikali.

Karani alikuwa nyuma ya dirisha lenye tundu dogo chini, kwa hiyo kila mwenye shida alilazimika kuinama ili asikike. Mzee aliinama.

"Nakala mpya ya cheti cha ndoa," karani alisoma kutoka kichwani, "wanandoa waje wote wawili na vitambulisho vyao."

"Mke wangu amefariki."

"Pole sana. Basi aliyebaki aje na kitambulisho chake."

Mzee alipitisha kibali chini ya kioo. Karani akakirudisha bila kukifungua.

"Hiki ni kibali. Nataka kitambulisho. Cha uraia."

"Ndicho ninachotafuta."

"Basi kitafute, halafu uje."

"Wamesema siwezi kukipata mpaka nipate cheti cha ndoa."

"Ndiyo, wako sawa."

"Na nyinyi mnasema sipati cheti cha ndoa mpaka nipate uraia."

"Na sisi tuko sawa," karani alisema, bila ubaya wowote, kama mtu anayemweleza mwenzake saa.

Mama Mkubwa akamsogeza shemeji yake, akainama yeye, khanga ikimdondoka begani.

"Kijana, nitazame. Mimi ni raia, dada wa marehemu. Siku hiyo nilikuwepo. Saini yangu hii hapa, chini ya hilo liplastiki. Mimi ndiye shahidi!"

"Shahidi si mwanandoa, mama."

"Kwa hiyo mnamtaka nani? Marehemu?"

Foleni ikacheka. Karani hakucheka.

"Mama, usinipigie kelele. Sikuitunga sheria mimi."

"Aliyeitunga yuko wapi?"

"Hayupo hapa."

"Najua hayupo hapa! Angekuwa hapa angeinama kwenye hili tundu, mgongo ungemfundisha!"

Watu wakacheka tena, mmoja akapiga makofi, na kwa dakika ile Mama Mkubwa alikuwa mshindi. Kisha karani akasema waandike barua kwa Msajili Mkuu, aeleze yeye kama anaweza kusamehe sharti.

"Anajibu kwa muda gani?" binti aliuliza.

"Anajibu."

"Ndiyo, lini?"

"Anayefuata!" karani aliita.

Barua iliandikwa. Aliiandika binti, kwa mwandiko wake mzuri, ikapelekwa kwa mkono ikapokelewa na mhudumu aliyeitupa kwenye boksi lililojaa barua nyingine. Siku zikaenda. Binti alipita kila alipopewa ruhusa kiwandani, na alipokosa ruhusa alitoroka, mpaka msimamizi akamwambia achague baina ya kola na baba. Jibu lilikuwa moja: mkubwa yuko safari. Safari gani isiyo na kurudi, hakuna aliyesema. Wao husafiri kwa kodi zetu, kisha tunaambiwa tusubiri warudi watusaidie. Na Mzee Vanishi kodi alikuwa akikatwa tangu hajaoa. Kwenye kodi hakuna aliyewahi kumwita mgeni, wala kumpeleka mlango wa nyuma.

 

Siku ya mwisho ya kibali walirudi Uhamiaji, safari hii pamoja na Mama Mkubwa. Mlinzi aliwakumbuka, akanyoosha fimbo upande wa mapipa kabla hawajasalimia.

Msaili aliwasikiliza mpaka mwisho. Alisoma kopi ya barua ya binti. Alikishika tena cheti cha ndoa, akakiegemeza kwenye chupa ya maji, akakitazama kama mtu anayetazama picha ya harusi ya jirani.

"Mimi nakuamini, mzee," alisema. "Nataka ulijue hilo. Naamini mlioana."

"Ahsante."

"Lakini kuniamini mimi hakuingii kwenye faili."

Alifunga jalada. Lilikuwa jembamba kuliko walivyodhani. Akavuta karatasi nyingine kutoka kwenye droo, ya rangi ya manjano.

"Hii ni ya mtu ambaye kibali chake kimekwisha na ombi lake halijakamilika. Inakupa siku chache za kujiandaa. Msajili Mkuu akijibu kabla hujaondoka, njoo mbio. Jaza hapa jina, hapa tarehe ya kuingia nchini, na hapa mahali unaporudi."

"Kurudi?" Mama Mkubwa aliuliza. "Mtu anarudi alikotoka. Huyu katoka nyumbani asubuhi hii."

"Mama, tafadhali."

"Mwandike nyumbani kwake."

"Haiwezekani. Lazima pawe nje ya nchi."

"Na asipoandika?"

"Mfumo hauikubali nafasi tupu. Nitalazimika kuandika 'amekataa kutoa ushirikiano', na hapo atafuatwa na askari." Alisema hivyo kwa upole, akamsogezea Mzee kalamu.

Mzee hakuichukua. Vidole vyake, vilivyopigwa vanishi miaka mingi mpaka ngozi ikawa na rangi ya mninga, vilikaa juu ya meza.

"Andika wewe," alimwambia binti.

Binti akaandika jina. Akaandika tarehe ya kuingia, ambayo kwenye kile kiapo ilikuwa mwaka tu, bila siku wala mwezi. Alipofika chini akasimama.

"Baba, Bibi aliwahi kusema walitoka wapi hasa?"

"Alisema kulikuwa na mto."

"Mto gani?"

"Hakupenda kuulizwa."

"Na Babu?"

"Babu yako alisema ukishavuka, hutazami nyuma. Akafa hajatazama."

Nje ya mlango mtu alikohoa. Foleni ilikuwa ndefu, na msaili aliangalia saa, kisha akaona haya akaifunika kwa mkono wa blauzi. Mama Mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa, viatu vyake vya serikali vimekaa sambamba chini ya kiti.

"Dada," msaili alisema taratibu, "pale chini pajaze tu. Popote. Ni jina la mahali tu."

Binti aliiweka ncha ya kalamu juu ya mstari. Wino ukaanza kuingia kwenye karatasi, kidoa kidogo, kikapanuka.

"Niandike wapi, Baba?"